Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh: Baba wa Betheli

Usharika unapoadhimisha miaka mia moja, hukumbuka kwanza wazee waliojenga kwa mikono yao. Hata hivyo, yapo majina mengine yanayostahili kutajwa, ya watu waliofanya kazi wakiwa mbali. Mmojawapo ni Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh wa Betheli, Ujerumani. Hakuwahi kukanyaga ardhi ya Uzaramo, ambako leo yako maeneo ya Temeke na Kinondoni. Lakini chama cha misioni kilichoanzisha kazi ya Kilutheri Dar es Salaam kilimpata kuwa miongoni mwa viongozi wake, na fundisho lake kuhusu wagonjwa limebaki katika Kanisa la Tanzania hadi leo.

Kuzaliwa na ujana wake

Bodelschwingh alizaliwa tarehe 6 Machi 1831 huko Tecklenburg, katika jimbo la Westfalia. Baba yake alikuwa ofisa mkuu wa ufalme wa Prussia na baadaye akawa waziri. Familia ilipohamia Berlin, mtoto huyo alicheza pamoja na mwana wa mfalme, yule ambaye baadaye alikuja kuwa Kaisari Friedrich wa Tatu. Kwa malezi hayo angeweza kabisa kuishi maisha yake yote bila kumjua maskini kwa jina.

Alijifunza kilimo, akawa msimamizi wa shamba kubwa huko Pomerania. Hapo ndipo alipoiona kwa karibu dhiki ya vibarua na watoto wao. Kijitabu kidogo kilichosimulia habari za kijana maskini wa Kichina kiligusa moyo wake, naye akaamua kusomea theolojia ili awe mmisionari katika nchi za mbali.

Wafagiaji wa Paris

Badala ya kuvuka bahari, mwaka 1858 alikwenda Paris. Pembezoni mwa mji huo waliishi Wajerumani wengi waliokimbia umaskini wa vijijini kwao. Walifagia barabara, waliokota matambara, wakapanga vyumba vidogo vyenye unyevu. Walikuwa wageni wa lugha na wageni wa mji. Bodelschwingh aliwatembelea nyumba kwa nyumba, akawafungulia watoto wao shule, na kwenye kilima cha La Villette pakajengwa mahali pa ibada. Mwaka 1861 alimwoa binamu yake, Ida, ambaye alishirikiana naye kazi hiyo mpaka waliporudi Ujerumani mwaka 1864.

Wakristo wa vitongoji vya Dar es Salaam hawana haja ya kuelezwa sana maisha ya namna hiyo. Sharika nyingi za Temeke na Kinondoni zilikuzwa na watu waliotoka Kilimanjaro, Usambara, Kagera, Iringa na kwingineko, wakiwa na mzigo mmoja begani na anwani ya ndugu mfukoni.

Msiba wa Januari 1869

Baada ya Paris, Bodelschwingh alikuwa mchungaji wa kijiji cha Dellwig, karibu na mto Ruhr. Yeye na Ida walikuwa na watoto wanne. Mwezi Januari 1869 ugonjwa wa kuambukiza ulioshambulia pumzi uliingia nyumbani mwao, na katika muda wa majuma mawili watoto wote wanne walifariki. Nyumba iliyokuwa na kelele za watoto asubuhi ikabaki na wazazi wawili tu.

Msiba wa jinsi hiyo huweza kumfunga mtu mlango, akabaki ndani na uchungu wake. Kwa Bodelschwingh uligeuka kuwa mlango wa kutokea. Alikiri kwamba kwa kifo cha watoto wake alijifunza jinsi Mungu anavyoweza kuwa mgumu kwa mwanadamu, na ndipo akaanza kuwahurumia wengine. Tangu hapo hakumkaribia mtu anayelia akiwa kama mkubwa anayetoa msaada. Aliketi kando yake kama mfiwa mwenzake. Baadaye Mungu aliwajalia watoto wengine wanne.

Betheli

Mwaka 1872 aliitwa Bielefeld kusimamia makao madogo ya wenye kifafa yaliyofunguliwa mwaka 1867, pamoja na nyumba ya masista iliyoitwa Sarepta. Wakati ule Ulaya, mwenye kifafa aliogopwa na kufichwa. Hakupata shule wala kazi, na wengi walimhesabu kuwa mtu aliyepagawa au asiye na akili.

Bodelschwingh aliyapa makao hayo jina la Betheli, yaani nyumba ya Mungu. Mwaka 1877 ilianzishwa Nazareti, nyumba ya mashemasi. Pakajengwa karakana na nyumba za familia, pakawa na mashamba, na kila mgonjwa alipewa kazi kadiri ya nguvu zake. Aliyeweza kushona alishona. Aliyeweza kulisha ng'ombe alilisha ng'ombe. Hakutaka mgonjwa awe mpokeaji tu siku zote, kwa kuwa aliamini kwamba kila mtu amepewa kitu cha kuwapa wenzake. Katika Kanisa la Sayuni, lililofunguliwa mwaka 1884, wagonjwa na wauguzi waliabudu pamoja.

Huruma yake haikuishia kwa wagonjwa. Mwaka 1882 alianzisha Wilhelmsdorf, mahali ambapo watu wasio na kazi, waliokuwa wakizurura barabarani, walipata chakula, malazi na kazi ya heshima. Mwaka 1885 alianzisha chama cha kuwasaidia wafanyakazi kujipatia nyumba zao wenyewe. Katika uzee wake aliingia katika bunge la Prussia ili kuwatetea watu hao kwa njia ya sheria.

Mkono wake Afrika ya Mashariki

Mmisionari Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887, ametumwa na chama cha misioni kilichoundwa Berlin mwaka uliotangulia. Ukweli lazima usemwe: baadhi ya waasisi wa chama hicho walichanganya Injili na tamaa ya koloni. Bodelschwingh alipoingia katika uongozi wake mwaka 1890, aliweka mkazo katika uinjilisti na huduma kwa wanyonge. Naye mwenyewe alikuwa mtu wa wakati wake, mtiifu kwa Kaisari, na hakuupinga utawala wa Wajerumani. Kanisa linamshukuru Mungu kwa ajili yake bila kulificha hilo.

Katika miaka hiyo vilifunguliwa vituo vya Mlalo mwaka 1891, Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895. Mwaka 1903 kazi ya Uzaramo ilikabidhiwa kwa Misioni ya Berlin, na chama cha Bodelschwingh, ambacho baadaye kilijulikana kama Misioni ya Betheli, kikaendelea Usambara.

Alama iliyo wazi zaidi ni Lutindi, katika milima ya Usambara. Makao hayo yalianzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na mashemasi wa Betheli wakatumika humo. Kuanzia mwaka 1904 wakapokelewa wagonjwa wa akili, ambao hapo kabla wengine walifungwa kwa minyororo. Desturi ya Betheli ikafuatwa: mgonjwa alishika jembe pamoja na mwuguzi wake. Hospitali ya Lutindi ingali ikihudumu chini ya KKKT.

Urithi wake

Bodelschwingh alifariki tarehe 2 Aprili 1910. Mwanawe Fritz alirithi uongozi wa Betheli. Mwaka 1940, serikali ya Hitler ilipokuwa ikiwaua wagonjwa na walemavu kwa madai kwamba maisha yao hayana thamani, Fritz alikataa kushirikiana, na wagonjwa wengi wakasalimika. Si wote: wagonjwa wa Kiyahudi walichukuliwa na kuuawa.

Katika vitongoji vya Dar es Salaam bado wako watoto wenye kifafa wanaofichwa chumba cha uani ibada inapoanza. Bado wako wanaoamini kwamba povu la anayeanguka huambukiza, na kwa hofu hiyo mtu huachwa peke yake hata akiangukia moto. Kifafa hakiambukizi, na dawa zake zipo. Baba huyu aliyezika watoto wanne katika majuma mawili aliwanyoshea mkono watoto wa wengine. Usharika unaoingia karne yake ya pili utakuwa umemkumbuka ipasavyo siku watoto hao watakapotolewa uani na kuketishwa benchi moja na wenzao.