WAIYAKI WA HINGA NA DENI LA AHADI

Juzi katika somo la historia tulibishana sana: je, taifa liheshimu mkataba hata kama unahatarisha usalama wake? Wengi walisema la. Mimi nawaletea maisha ya Waiyaki wa Hinga, mpime wenyewe.

Waiyaki alikuwa kiongozi wa Wakikuyu upande wa Dagoretti. Mnamo Oktoba 1890 alifika Kapteni Frederick Lugard, mtumishi wa kampuni ya Waingereza, akiwa njiani kwenda Uganda. Alitaka mahali pa kujenga boma, na chakula cha msafara. Wakikuyu wengi hawakuwaamini wageni wenye bunduki, lakini Waiyaki alikubali. Wawili hao wakachanjiana damu, wakawa ndugu. Sisi wa Meru twajua uzito wa jambo hilo, maana kiapo mbele ya wazee wa Njuri Ncheke si mchezo.

Lugard alipokwisha kwenda zake, watu wa boma wakaanza kupora mashamba ya wenyeji. Wenyeji nao wakachachamaa. Mwaka 1891 boma likahamwa, likaharibiwa. Kampuni ikajenga lingine karibu na hapo, Fort Smith. Agosti 1892 Waiyaki alikwenda huko, ukazuka ugomvi, akajeruhiwa kichwani na kufungwa. Akapelekwa kuelekea pwani, lakini hakufika. Alifia njiani, Kibwezi.

Sasa mwenzangu utaniuliza, hiyo ahadi ilimfaa nini? Ati si angewafukuza siku ile ile ya kwanza? Kweli, gharama aliilipa yeye. Lakini tazama vizuri. Mkataba ulipoheshimiwa, wageni waliuziwa chakula na wenyeji walilala usingizi. Ulipovunjwa, hakuna aliyebaki salama: wenyeji waliporwa, na wageni nao wakapoteza boma lao. Basi usalama haukuharibiwa na aliyeshika ahadi, bali na aliyeivunja.

Kwa hivyo mimi nasema taifa liheshimu mikataba yake, maana likishavunja mmoja, nani ataliamini tena? Ila lisisinzie. Kabla ya kuweka sahihi, limchunguze mwenzake, na likishaweka lisitupe ngao. Wahenga walinena kuwa ahadi ni deni. Waiyaki alilipa lake, na leo barabara kubwa jijini Nairobi inaitwa kwa jina lake.