Daktari Burkitt na Ramani ya Pini

Mwezi huu tunawaletea habari za Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyetumika Uganda karibu miaka 20, na ambaye jina lake limebaki katika ugonjwa mmoja wa watoto.

Alizaliwa Enniskillen, Ireland, tarehe 28 Februari 1911. Alipokuwa mtoto wa miaka 11 alipigwa jiwe, akapoteza jicho moja. Huko Dublin alianza masomo ya uhandisi, akayaacha akasomea udaktari. Alipoomba kazi katika makoloni mara ya kwanza alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Hata hivyo mwaka 1946 alifika Lira, kisha akahamia Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 Daktari Hugh Trowell, ambaye baadaye alipata upadre wa Kianglikana, alimwita amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba mataya pande zote mbili. Muda mfupi baadaye, huko Jinja, Burkitt alimwona mtoto mwingine wa namna hiyo, naye alikuwa na uvimbe tumboni pia. Akarudi kupekua kumbukumbu za hospitali. Humo uvimbe wa taya uliandikwa peke yake, wa figo peke yake, wa tumbo peke yake. Kwa mpango huo nani angalijua kwamba ni kansa moja? Na watoto walikuwa wanakufa.

Basi akatuma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za serikali na za misioni, akiuliza kama ugonjwa huo unaonekana kwao. Majibu yalipofika angaliweza kuyapanga kama sisi tunavyopanga hesabu za mtaa: jina, na tarakimu mbele yake. Angaliweza pia kuchora grafu ya nguzo, kila hospitali na nguzo yake. Lakini nguzo ndefu ingalionyesha tu hospitali inayopokea wagonjwa wengi, wala isingalisema ni nani jirani ya nani. Grafu ya mstari ingalifaa kama angalitaka kujua ugonjwa unapanda au unashuka mwaka hata mwaka. Florence Nightingale, alipotaka wakubwa waone askari wa Uingereza walikufa kwa sababu gani mwezi kwa mwezi katika vita ya Crimea, alichora duara lililokatwa vipande, mwaka 1858. Yeye Burkitt aliuliza: wapi? Kwa hiyo alitundika ramani ya Afrika ukutani, akachoma pini kila palipoonekana ugonjwa.

Pini zikafanya ukanda unaokata Afrika katikati, wenye mkia ulioshuka kusini upande wa mashariki. Ila mahali pasipo pini pana maana mbili: ama ugonjwa haupo, ama hakuna aliyeutazama. Jambo hili wengi wetu tungalilipita. Yeye hakulipita. Oktoba 1961, pamoja na Daktari Ted Williams wa Hospitali ya Kuluva na Daktari Cliff Nelson, alitoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford, wakapita Tanganyika hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Walisafiri majuma 10, maili zipatazo 10,000.

Walikuta kwamba karibu na Ikweta ugonjwa hukoma kwenye kimo cha futi kama 5,000, na kadiri walivyokwenda kusini mpaka ule ulizidi kushuka. Mtaalamu Alexander Haddow wa Entebbe alitambua kwamba jambo si kimo, bali ni baridi. Msomaji wa Nangwa, anayeijua baridi ya chini ya Mlima Hanang, atafahamu upesi. Mahali penye joto na mvua ndipo penye mbu, na baadaye malaria ilionekana kuwa mshiriki katika ugonjwa huo, pamoja na kirusi kilichogunduliwa London mwaka 1964 na Anthony Epstein na wenzake, ndani ya vipande vya uvimbe alivyovipeleka Burkitt kutoka Uganda.

Yeye mwenyewe, ingawa alikuwa mtu wa kisu, alijaribu kuwatibu watoto kwa dawa, na baadhi yao walipona kabisa.

Alirudi Uingereza mwaka 1966, akatumia miaka mingi kuwahimiza watu wale unga usiokobolewa. Alifariki tarehe 23 Machi 1993.