Helen Keller: Mtahiniwa Nambari 233

Jina la Helen Keller aghalabu hutajwa shuleni kama kielelezo cha bidii isiyokata tamaa. Husimuliwa jinsi mtoto asiyeona wala kusikia alivyolitambua neno maji penye bomba, kisha hadithi ikaruka hadi siku alipotunukiwa shahada. Kinachoachwa katikati ni miaka minane ya maandalizi, mitihani na mihadhara, kuanzia 1896 hadi 1904. Humo ndimo mlimo funzo kubwa kwa yeyote asomaye au afundishaye chuoni.

Helen alizaliwa tarehe 27 Juni 1880 katika mji wa Tuscumbia, jimbo la Alabama, Marekani. Alipokuwa na umri wa miezi 19 aliugua maradhi makali. Yalipomwondokea, yalikuwa yamemnyang'anya uwezo wa kuona na wa kusikia. Mnamo Machi 1887 aliletewa mwalimu, Anne Sullivan, kijana wa miaka 20 ambaye macho yake mwenyewe yalikuwa yameharibiwa na trakoma. Sullivan alimfundisha lugha kwa kumtajia maneno kiganjani, herufi moja baada ya nyingine, kwa alama za vidole.

Oktoba 1896 Helen aliingia shule ya wasichana huko Cambridge, Massachusetts, ili ajiandae kwa Radcliffe, chuo cha wanawake kilichofungamana na Harvard. Walimu wa shule hiyo hawakuwa wamewahi kumfundisha mwanafunzi wa hali yake. Sullivan aliketi naye kila kipindi akimfasiria masomo kiganjani. Vitabu vya breli vilikuwa haba, hivyo vingi alisomewa kwa njia iyo hiyo. Mwalimu mkuu, Arthur Gilman, na mwalimu wa Kijerumani walichukua hatua ya kupongezwa: walijifunza alama za vidole ili wazungumze naye wenyewe.

Matunda ya juhudi hizo yalionekana katika mitihani ya kwanza ya kuingilia chuo, iliyofanywa kati ya tarehe 29 Juni na 3 Julai 1897. Ilikuwa desturi watahiniwa watambuliwe kwa nambari ili majina yao yasijulikane. Helen alipewa nambari 233, lakini hakuweza kufichika kwa kuwa alijibu kwa taipureta. Alitengewa chumba chake ili mlio wa mashine usiwasumbue wengine, na mtu akawekwa mlangoni kuzuia usumbufu. Gilman alimsomea maswali kiganjani. Helen alipomaliza kuandika, Gilman alimsomea majibu yake, akayasahihisha pale alipotaka mwenyewe Helen, kisha akathibitisha kwa maandishi kwamba kazi ile ilikuwa ya mtahiniwa. Helen alifaulu masomo yote na kupata sifa maalumu katika Kijerumani na Kiingereza. Hakupunguziwa swali hata moja. Kilichobadilishwa ni njia ya kuyafikia maswali na ya kuyajibu.

Mwaka uliofuata mambo yalienda mrama. Masomo yalikuwa fizikia, aljebra, jiometri, astronomia, Kiyunani na Kilatini. Vitabu vya breli vilichelewa, na michoro ya ubaoni haikumfikia. Ilimlazimu aunde maumbo ya jiometri kwa nyaya juu ya mto. Siku moja ya Novemba hakujisikia vyema, akakosa shule. Sullivan alijua kwamba ugonjwa ule haukuwa mzito, lakini Gilman alishikilia kwamba msichana analemewa na kazi na afya yake inaporomoka. Alimpunguzia vipindi, akataka aendelee kukaa shuleni kwa miaka mitatu zaidi. Kwa mabadiliko hayo, Helen hangeweza kufanya mitihani ya mwisho pamoja na wenzake. Desemba mama yake alimwondoa shuleni, yeye na mdogo wake Mildred.

Mgala muue na haki yake umpe. Gilman alikuwa na nia njema, na kumpumzisha mwanafunzi mgonjwa ni jambo la busara. Kosa lilikuwa katika utambuzi wa ugonjwa wenyewe. Kilichokuwa kimekwama ni vitabu na vifaa, ilhali dawa ilipakwa mwili wa Helen. Mwenye mwili huo naye hakusikilizwa. Mapumziko asiyoyaomba mwanafunzi, tena yanayomzuia kufanya mtihani, hugeuka adhabu.

Kuanzia Februari 1898 Helen alifunzwa faraghani na Merton Keith, aliyekwenda kwa mwendo wake na kurudia pale alipokwama. Hatimaye, tarehe 29 na 30 Juni 1899, alifanya mitihani ya mwisho. Safari hii wakuu wa chuo hawakumruhusu Sullivan kumsomea. Karatasi zilinakiliwa kwa breli ya Kimarekani na mwalimu mgeni kabisa kwake. Lakini aljebra yake Helen aliisomea kwa breli ya Kiingereza, na alama za mifumo hiyo miwili zilitofautiana. Aliligundua jambo hilo siku mbili tu kabla ya mtihani, na usiku wa kuamkia mtihani bado alikuwa akihangaika kutofautisha alama za mabano na za vipeuo. Chuo kilikuwa kimetoa msaada, lakini msaada huo ulizidisha mzigo kwa sababu mhusika hakuulizwa mapema. Alifaulu hata hivyo.

Aliingia Radcliffe mwaka wa 1900. Katika ukumbi wa mihadhara hakuweza kuandika, maana mikono ndiyo iliyokuwa masikio yake. Aliyoyakumbuka aliyaandika nyumbani. Sullivan alimsomea kwa saa nyingi kila siku, kwa macho yale yale mabovu. Mwaka wa 1903, akiwa bado mwanafunzi, Helen alichapisha tawasifu yake, na mwaka wa 1904 akahitimu shahada ya kwanza kwa sifa. Alikuwa mtu wa kwanza asiyeona wala kusikia kufikia daraja hiyo. Sullivan, aliyehudhuria mihadhara pamoja naye, hakupewa shahada na chuo hicho.

Baadaye Helen alikuwa miongoni mwa waliopigania mfumo mmoja wa breli ya Kiingereza, na mwaka wa 1932 Marekani na Uingereza ziliafikiana. Sullivan alikuwa hai kuliona hilo. Alifariki mwaka wa 1936. Mwaka wa 1955 Harvard ilimtunuku Helen shahada ya heshima, mwanamke wa kwanza kuipata kutoka chuo hicho. Alifariki tarehe 1 Juni 1968.

Bidii ya Helen haina shaka. Lakini bidii ile ile ilikuwapo mwaka wa 1897 na mwaka wa 1899, na kilichotofautiana ni maandalizi ya waliomtahini. Mara ya kwanza mtahiniwa nambari 233 alipimwa ujuzi wake wa lugha na historia. Mara ya pili, kabla ya kufikia aljebra yenyewe, alipimwa uvumilivu.