KABAKA MUTESA NA IMANI YA KUPIGA HESABU

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Kabla imamu hajapanda mimbari, jiulize swali moja. Je, unamwamini Mwenyezi Mungu kwa kuwa Yeye ni Haki, au kwa kuwa ulipiga hesabu ukaona kuamini kuna faida? Na kama ni faida ndiyo iliyokuleta, imani hiyo itakufikisha wapi? Tazama maisha ya mfalme wa jirani zetu wa Uganda, Kabaka Mutesa wa Kwanza.

UISLAMU KUINGIA BUGANDA

Mwaka 1844 mfanyabiashara Mwarabu, Ahmed bin Ibrahim, alifika kwa Kabaka Suna, baba yake Mutesa. Alipoona watu wanauawa kwa amri ya Kabaka, alisimama akamwambia kwamba watu hao ni viumbe vya Mungu, na ufalme wake pia umetoka kwa Mungu. Hakuna aliyewahi kumwambia Suna maneno kama hayo. Suna hakumdhuru, bali alitaka kumjua huyo Mungu, akafundishwa sura chache za Qur'ani.

Suna alifariki mwaka 1856 na Mutesa akashika ufalme akiwa bado kijana. Kuanzia mwaka 1867 Mutesa alifunga Ramadhani, akaendelea kwa miaka ipatayo kumi. Alijifunza Kiarabu, akasoma Qur'ani, akajenga msikiti katika jumba lake, akaamuru watu wake waswali na wasalimiane kwa salamu ya Kiislamu. Lakini hakukubali kutahiriwa, kwa sababu mila ya Buganda ilikataza kumwaga damu ya Kabaka.

HESABU YA MFALME

Yaliyomo moyoni mwa mtu anayajua Mwenyezi Mungu peke yake. Sisi tunatazama matendo. Wafanyabiashara wa Zanzibar walileta nguo, bunduki na baruti, na kuwa ndugu yao katika dini kulikuwa na faida. Tena dini mpya ilimpa Kabaka nguvu juu ya makuhani wa mizimu, ambao hata wafalme waliwaogopa.

Ikafika siku hesabu ikabadilika. Misri ilikuwa inapanda kutoka kaskazini kwa njia ya Nile, na Misri ni nchi ya Waislamu. Mwezi wa Aprili 1875 Stanley alifika Buganda. Mutesa akamsikiliza, akakubali waletwe wamisionari, akitumaini Wazungu watampa silaha za kuzuia Misri. Waprotestanti walifika mwaka 1877, na Mapadri Weupe mwaka 1879. Akawasikiliza wote, huku Waarabu nao wakikaa barazani kwake. Alipoona bunduki haziji na ugonjwa unamzidi, mwishoni mwa mwaka 1879 aliwarudia waganga wa mizimu. Hao nao hawakumponya. Alikufa Oktoba 1884, akazikwa Kasubi, mahali ambapo leo ni ndani ya mji wa Kampala.

VIJANA WALIOKATAA NYAMA

Katika jumba lake walikuwamo vijana watumishi waliojifunza dini kwa amri yake yeye mwenyewe. Mwaka 1876 walikataa kula nyama iliyochinjwa na mtu asiyetahiriwa, wakakataa pia kuswali nyuma ya Kabaka kwa sababu hiyo hiyo. Mutesa alikasirika, akaamuru wauawe. Wanahistoria wanataja vijana wapatao 70, na wengi wao waliuawa Namugongo.

Fikiri, ndugu yangu. Vijana wa jumba la Kabaka ndio waliokuwa wakipewa uchifu na mashamba. Kwa hesabu ya dunia walipoteza kila kitu kwa ajili ya kipande cha nyama. Mfalme aliingia kwa faida, akatoka faida ilipokwisha. Vijana waliingia kwa amri ya mfalme, lakini imani ilikwisha shuka moyoni, hata mfalme huyo huyo hakuweza kuitoa.

JE, HESABU NI HARAMU?

La. Inasimuliwa kwamba Imamu Ali (R.A.) alimwambia mtu aliyekana Akhera: ikiwa ni kweli usemavyo, sote tumeokoka, lakini ikiwa ni kweli nisemavyo mimi, nimeokoka mimi na wewe umeangamia. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameyataja maneno hayo akaeleza kwamba Ali hakuwa na shaka hata kidogo. Alisema na yule mtu kwa kiasi cha akili yake. Zaidi ya miaka 500 baadaye Mfaransa Pascal naye alitoa hoja ya namna hiyo. Na Qur'ani yenyewe, katika Surat Saff, inaita imani biashara inayookoa na adhabu.

Basi hesabu ni dawa ya kumwamsha aliyelala. Inaweza kumfikisha mtu mlangoni, ila haiwezi kumkalisha ndani. Surat Hujurat inawaeleza mabedui kwamba wamesilimu tu, imani bado haijaingia nyoyoni mwao. Lakini hawakufukuzwa, waliahidiwa kwamba wakitii hawatapunguziwa malipo yao. Na Surat Hajj inamtaja anayemwabudu Mungu ukingoni: akipata heri hutulia, akipata mtihani hugeuka.

Na sisi wa Bunia tujitazame. Katika vita vya 1999 hadi 2003 ni wangapi waliweka nadhiri chini ya risasi, na barabara zilipofunguka wakaisahau? Ni wangapi wamesilimu kwa ajili ya ndoa au mkopo wa bidhaa? Usiwadharau hao, wafundishe. Na wewe uliyezaliwa ndani ya Uislamu, jipime: siku swala itakapokutia hasara sokoni, siku ukweli utakapokupotezea kazi, utabaki?

Ewe Mola, tulioingia kwa hofu au kwa tamaa, tuthibitishe kwa mapenzi Yako. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Ukimaliza kusoma mpe jirani yako. Usiitupe karatasi hii chini, ina jina la Mwenyezi Mungu.