FADHILI WILLIAM NA SANTURI ZA EQUATOR

Hapa kwetu Uriri ukitaja muziki wa zamani watu wote hukimbilia benga. Utaambiwa habari za D. O. Misiani na Shirati Jazz yake, na mzee yeyote pale sokoni atakusimulia mpaka jua litue. Sina ubishi na benga. Lakini kabla benga haijatawala kulikuwa na muziki mwingine jijini Nairobi, na mwaka huu nimeonelea niwaandikie wanachama wenzangu habari za marehemu Fadhili William, yule wa Malaika.

Jina lake kamili lilikuwa Fadhili William Mdawida. Alizaliwa mwaka wa 1938 katika nchi ya Wataita, na hilo Mdawida maana yake ni Mtaita tu, kwani Wataita wenyewe hujiita Wadawida. Alikuwa bado kijana alipokuwa akipiga na bendi iliyoitwa Jambo Boys, na mwaka wa 1960 walirekodi Malaika. Wimbo huo sote tunaujua. Ni habari za kijana anayempenda msichana lakini hana pesa za kumwoa. Sisi tuliokulia kwa watu wanaohesabu ng'ombe wa mahari hatuhitaji kuelezwa zaidi!

Basi kulikuwa na Mzungu mmoja, Charles Worrod, aliyenunua kampuni ya kurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya sitini akaiita Equator Sound Studios. Haikuwa kampuni kubwa kama zile za Ulaya. Ilitoa santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja upande huu na mmoja upande wa pili. Studio ilikuwa na bendi yake yenyewe, Equator Sound Band, na Fadhili ndiye aliyekuwa kiongozi. Humo mlikuwa na Daudi Kabaka, yule mfalme wa twisti, na Gabriel Omolo ambaye baadaye alitamba na wimbo wa Lunchtime. Tena walikuwemo Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi Juma, watu wa Zambia, waliokuja na mapigo ya kusini, yale ya kwela. Wimbo ukiwa wa Kabaka, wengine humsaidia. Wa Fadhili ukifika, Kabaka naye humsaidia. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu nyimbo zile zina ladha moja ingawa waimbaji walitoka makabila na nchi mbalimbali. Twisti yao ilivuka hata bahari: mwaka wa 1968 kundi la Uingereza lililoitwa The Tremeloes liliuimba Helule Helule wa Kabaka.

Malaika nao ulirekodiwa tena Equator mwaka wa 1963. Kutoka hapo haukushikika. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba, na mwaka wa 1965 ukawa ndani ya albamu yake na Harry Belafonte, albamu iliyopata tuzo ya Grammy huko Marekani. Mwaka wa 1981 Boney M nao wakautoa kwa mtindo wa disko. Angélique Kidjo wa Benin akafuata mwaka wa 1991. Ukihesabu wote waliouimba utachoka.

Sasa hapa ndipo penye utata. Mtanzania mmoja, Adam Salim, alisema kuwa yeye ndiye aliyeutunga Malaika zamani, katika miaka ya arobaini, alipokuwa akiishi Nairobi, tena kwa ajili ya msichana aliyemkosa. Mabishano hayo hayajaisha mpaka leo, na wazee wote wawili wamekwisha kufa. Wahenga walisema mgala muue na haki umpe. Mimi naona kwamba hata asiyekubali kuwa Fadhili alitunga wimbo ule hawezi kumnyima kuwa ndiye aliyeurekodi kwanza, na bila sauti yake pengine Makeba asingeusikia.

Tusidhani kwamba ubishi huu ni wa jina tu. Katika sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2001, wimbo wenyewe hulindwa mpaka miaka 50 baada ya mwaka aliokufa mtunzi. Lakini ile sauti iliyorekodiwa hulindwa miaka 50 tangu mwaka iliporekodiwa. Kwa hivyo rekodi ya 1963 ulinzi wake hapa Kenya uliisha mwisho wa 2013. Kinachobaki na pesa ni utunzi. Kama mtunzi ni Fadhili, jamaa zake wana haki mpaka mwisho wa 2051. Kama ni yule mwingine, hesabu inabadilika na pesa zinaingia boma lingine kabisa.

Nyimbo za studio kama hizi zingepotea kabisa, maana santuri huvunjika na nyingine watoto walizigeuza magurudumu. Aliyeziokoa kwa sehemu kubwa ni Mwingereza John Storm Roberts, aliyekuwa mwandishi wa gazeti la East African Standard hapa Nairobi miaka ya sitini. Alihamia Marekani, na mwaka wa 1982 akaanzisha kampuni yake ndogo, Original Music, akakusanya nyimbo kutoka santuri kuukuu na kuzitoa pamoja. Mkusanyiko mmoja aliuita The Nairobi Sound. Inashangaza kwamba ilibidi mtu atoke mbali kuthamini vitu tulivyokuwa tukivikalia.

Fadhili naye aliishi Marekani miaka mingi, kisha akarudi nyumbani. Alifariki tarehe 11 Februari 2001 akiwa na miaka 62. Mwezi wa Novemba mwaka uo huo Daudi Kabaka akamfuata.

Ukikuta santuri ya Equator kwa babu yako, usiitupe. Ifute vumbi kwa kitambaa laini, kisha soma karatasi ya katikati. Jina la mwimbaji utaliona upesi. La mtunzi kwa kawaida huandikwa kwa herufi ndogo, chini ya jina la wimbo.