Oliver Evans, Fundi wa Vinu

Kila aliyepata kusaga mtama kwa mawe ajua ya kuwa taabu haimo katika mawe tu. Nafaka hubebwa na kupepetwa, na unga huzolewa, hupozwa na kuchekechwa. Katika vinu vikubwa vya maji vya Marekani kazi hizo zote zilikuwa mabegani mwa watu, na leo twaandika habari za mtu aliyewatua mzigo huo.

Oliver Evans alizaliwa Newport, jimbo la Delaware, mwaka wa 1755. Katika ujana wake alifundishwa kuunda magurudumu ya magari. Baadaye, pamoja na ndugu zake, akajenga kinu kando ya kijito cha Red Clay, na hapo akaitazama kazi ya unga kwa makini.

Mawe yalikuwa mawili: la chini lilitulia, la juu lilizungushwa kwa nguvu ya maji. Nyuso zake zilichongwa mifereji, nafaka ikatwe na unga usukumwe hata ukingoni. Mawe yakikaribiana mno, unga huungua. Lakini hata ukiwa mzuri, ulitoka u moto, wenye unyevu. Watu wakauzoa, wakapanda nao ngazi hata orofa ya juu, na kijana akautandaza kwa reki hata upoe. Viatu vya matope vikaukanyaga, na walaji wa mkate hawakujua.

Evans akafunga vikombe katika mkanda mrefu unaozunguka, vikachota chini na kumwaga juu. Akalaza parafujo ndefu ndani ya mfereji wa mbao, iusukume unga upande. Mahali pa yule kijana akaweka reki kubwa yenye kuzunguka, iliyoutandaza unga na kuusogeza polepole hata kwenye chekeche. Vyote viliendeshwa na maji yale yale. Parafujo ilijulikana tangu siku za Wayunani. Jipya lilikuwa kuviunganisha vyote, nafaka iingie na unga utoke pasipo kubebwa na mtu.

Majirani zake, wasagaji wa mto Brandywine, walimdharau. Yasemekana walikuja wakakuta kinu kinasaga peke yake, mwenyewe yu shambani akianika majani, nao wakarudi wakisema kwamba ni mchezo tu. Ukoo wa Ellicott wa Maryland ulikubali upesi. Mwaka wa 1790 serikali ikampa hati ya haki ya uvumbuzi, ya tatu katika nchi ile, na mwaka wa 1791 George Washington akaweka mitambo hiyo katika kinu chake cha Mount Vernon. Mwaka wa 1795 Evans akatoa kitabu cha kuwafundisha wajenzi wa vinu na wasagaji. Kilipigwa chapa mara 15 hata mwaka wa 1860.

Basi waliomcheka wakaitumia kazi yake, na wengi hawakulipa. Akawashitaki. Haki yake ilikwisha, Bunge likamrudishia mwaka wa 1808, naye akaongeza ada. Thomas Jefferson alilipa, lakini mwaka wa 1813 aliandika kwamba vyombo hivyo ni vya kale. Sisi twaona alikosa, kwa maana vyombo vilikuwa vya kale, kinu hakikuwa. Wala hatumsifu Evans kwa hasira yake: mwaka wa 1809, aliposhindwa barazani, alichoma karatasi za mavumbuzi yake mbele ya jamaa zake.

Aprili 1819 alikuwa mgonjwa huko New York. Tarehe 11 karakana yake ya Philadelphia iliteketea, na tarehe 15 akafariki. Mikanda yake ya vikombe iliendelea kupandisha unga hata baada ya rola za chuma kuchukua mahali pa mawe.