Hyatt, Mtafuta Badali ya Pembe

Katika majumba yetu ya Pwani hii leo, tangu Lamu hadi Vanga, ni tabu kuingia jiko lisilo na ndoo, kata au kikombe cha plastiki. Vitu hivi havichongwi wala havifuliwi. Plastiki huyeyushwa kwa moto, ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu, ikapoa humo, kisha kalibu ikafunguliwa. Njia hiyo ilianzia kwa Mmarekani mmoja, John Wesley Hyatt, naye alichokuwa akikitafuta ni badali ya pembe za ndovu.

Hyatt alizaliwa tarehe 28 Novemba 1837 huko Starkey, jimbo la New York, mwana wa mhunzi. Mwaka huo huo konsuli wa kwanza wa Marekani alifika Unguja, maana biashara baina ya pande hizo mbili ilikuwa imeshamiri. Wao walituletea nguo, ndiyo ile tuliyoiita marekani, na marikebu zao zikirudi zilipakia pembe zilizoteremshwa kutoka bara. Huko zikakatwa vitana, vibao vya piano na tufe za mchezo wa biliadi. Basi mkasa huu nausimulia kama jambo lituhusulo na sisi.

Alipokuwa na umri wa miaka 16 Hyatt alikwenda Illinois kujifunza kazi ya uchapaji, kisha akahamia Albany. Hakuwa mwanachuoni wa kemia. Katika miaka ya 1860 kampuni ya Phelan and Collender, watengenezaji wa vifaa vya biliadi, iliahidi dola 10,000 kwa atakayebuni kitu cha kushika mahali pa pembe. Pembe ilikuwa ghali, na jino moja la ndovu halikutoa ila tufe chache zilizo sawasawa. Hyatt akafunga kibwebwe. Mchana akifanya kazi ya riziki, usiku akijaribu.

Tufe zake za mwanzo alizipaka kolodio, nayo ni pamba iliyotiwa asidi ya nitriki kisha ikayeyushwa. Dawa hiyo hushika moto upesi. Hyatt mwenyewe alisimulia kwamba mwenye kilabu mmoja wa Colorado alimwandikia kuwa tufe hizo zikigongana mara nyingine hulia mfano wa fataki, na kila aliyemo chumbani huchomoa bastola yake.

Hakukata tamaa. Yeye na nduguye Isaiah wakaichanganya pamba ile ya asidi na kafuri, ndiyo karafuu maiti tuijuayo sisi katika kukafini maiti wetu, wakaitia moto na kuigandamiza. Mwaka 1870 wakapata hati ya njia hiyo, na kitu kilichotoka wakakiita seluloidi. Kikipoa ni kigumu, kikipata moto ni laini. Wakakitengenezea hata meno ya bandia, lakini watu wakalalamika kwamba yana ladha ya kafuri na hulainika kinywani.

Hapo ikazuka shida nyingine. Seluloidi iliyolainika si maji ya kumimina. Ni nzito mfano wa halua ingali motoni, na ukiiacha ijiendee haifiki pembeni mwa kalibu. Mwaka 1872 ndugu hao wakapata hati ya mashine ya kuishindilia. Ilikuwa na bomba la chuma lenye kutiwa moto, mchi wa kusukumia, na pua nyembamba ya kutokea. Mchi ukisukuma, kilichomo bombani hakina budi kutokea puani.

Mashine za leo ni wajukuu wa ile. Chembe za plastiki huteremka kwenye bomba la moto, na mahali pa mchi pana parafujo kubwa. Parafujo ikizunguka, chembe husuguana na kuyeyuka, nyingi ya plastiki hizo kwa joto la nyuzi 200 za Selsiasi na zaidi. Zikishajaa mbele, parafujo husukumwa kama mchi, na plastiki hupita puani, ikafuata vijia, ikaingia kalibuni kwa kijilango kidogo. Ikiganda kabla ya kufika mwisho, kikombe hutoka na ukingo uliomeguka. Na kwa kuwa plastiki hunywea ikipoa, mashine hushikilia kusukuma hata kijilango kigande, isije ikabonyea. Msomaji akipindua ndoo yake, aghalabu ataona kitovu kidogo katikati ya kitako. Hapo ndipo ilipolishwa.

Mali ilipokuja, na kesi ikaja. Mwingereza Daniel Spill alimshitaki Hyatt kwamba hati ni zake. Kesi ilikwenda miaka mingi hata mwaka 1884, ndipo hakimu akaamua kwamba wa kwanza ni Mwingereza mwingine, Alexander Parkes, na kwamba Hyatt aachwe aendelee na kazi yake. Hyatt aliendelea, akabuni vichujio vya maji na beringi za gurudumu, akatunukiwa nishani ya Perkin mwaka 1914. Alifariki tarehe 10 Mei 1920 huko New Jersey, umri wake miaka 82.

Nikimpima mtu huyu, namwona alipotea njia akafika mbali. Tufe zake hazikuifikia pembe, na ndovu waliendelea kuuawa baada yake miaka na miaka. Seluloidi yenyewe, kwa kuwaka kwake, imebaki katika vitu vichache tu. Kilichodumu ni ule mchi, bomba na pua, na kwa hivyo maskini naye ana ndoo ya kutekea maji. Badali hiyo nayo ina deni lake, nasi twaliona kila bamvua linapotupa plastiki ufuoni. Hyatt alijua kuijaza kalibu. Kukiondoa kilichotoka humo, kazi hiyo ametuachia sisi.